Kunasa Sauti kwa Kompyuta ya Nyumbani

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake waliondoka Zanzibar wakavuka bahari hadi Bombay, ili nyimbo zao zinaswe katika sahani za santuri. Wakati huo Zanzibar haikuwa na studio ya kufanyia kazi hiyo, na mwimbaji aliyetaka sauti yake idumu hakuwa na budi kuifuata mitambo huko iliko. Leo mtambo wa kunasa sauti umo katika nyumba nyingi. Ni kompyuta ile ile ambayo watoto huitumia kwa masomo na wakubwa kwa kuandika barua na kutunza hesabu za duka.

Jambo hili si la burudani peke yake. Katika vijiji na mitaa yetu wapo wazee wanaojua ngano, nyimbo za kazi, nasaba za koo, majina ya miti ya dawa na lahaja ambazo hazijaandikwa kikamilifu. Zipo pia kaseti zilizonaswa harusini, misikitini, makanisani na katika mikutano ya kijiji, ambazo sasa zinaota ukungu ndani ya masanduku. Mzee akifariki, au utepe ukikatika na kuoza, hakuna duka la kununua badala yake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kompyuta inavyonasa sauti, na jinsi msomaji anavyoweza kuifanya kazi hiyo vizuri bila gharama kubwa. Kanuni inayotawala kazi yote ni moja: kompyuta haisikii, bali huhesabu. Ikihesabu sauti safi, hesabu hiyo itadumu ikiwa safi. Ikihesabu sauti iliyoharibika, hakuna programu itakayoirudisha katika hali yake ya asili.

1. Sauti na maikrofoni

Mtu anaposema, pumzi kutoka mapafuni hutetemesha nyuzi za sauti kooni. Mitetemo hiyo huisukuma hewa na kuiachia, na hivyo kanieneo ya hewa hupanda na kushuka. Mabadiliko hayo husafiri kama mawimbi, kwa mwendo wa kiasi cha mita 340 kwa sekunde, hadi yafikapo sikioni. Idadi ya mitetemo katika sekunde moja hupimwa kwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000 hivi.

Mwanamume anapozungumza, msingi wa sauti yake huwa karibu na hezi 100, na wa mwanamke karibu na hezi 200. Lakini juu ya msingi huo ipo mitetemo mingine mingi, midogo na ya haraka zaidi, na hiyo ndiyo inayotuwezesha kutambua herufi. Sehemu kubwa ya mvumo wa herufi "s" huwa juu ya hezi 4,000. Ndiyo sababu katika simu ya kawaida, ambayo hupitisha mitetemo ya hezi 300 hadi 3,400 tu, ni vigumu kutofautisha "futa" na "suta", au "fumbua" na "sumbua". Msikilizaji huelewa kwa kufuata maana ya sentensi. Mtafiti wa lahaja atakayesikiliza miaka 50 ijayo huenda asiwe na msaada huo.

Maikrofoni ndicho chombo kinachogeuza mitetemo ya hewa kuwa umeme. Ndani yake mna kiwambo chembamba kinachotikiswa na hewa. Katika aina moja, kiwambo hicho huvuta koili ndogo ya waya iliyo katikati ya sumaku, na umeme hutokea. Katika aina nyingine, kiwambo na bamba lililo nyuma yake huhifadhi chaji ya umeme, na volteji hubadilika kadiri nafasi baina yao inavyopungua au kuongezeka. Kwa namna zote mbili, volteji hupanda na kushuka kwa kufuata sauti. Volteji hiyo ni ndogo sana, aghalabu elfu chache za volti moja, kwa hiyo hapana budi ikuzwe kabla ya kupimwa.

2. Jinsi kompyuta inavyohesabu

Ndani ya kompyuta, au katika kisanduku kidogo kinachounganishwa nayo, kuna kifaa kiitwacho kigeuzi. Kazi yake ni kuipima volteji hiyo mara nyingi sana katika kila sekunde, na kuandika kila kipimo kama namba. Kila kipimo huitwa sampuli. Faili la sauti si kitu kingine ila orodha ndefu ya namba hizo. Sauti inapochezwa, namba hurudishwa kuwa volteji, na volteji huitikisa spika.

Je, inatosha kupima mara ngapi? Mfano wa bahari utatusaidia. Katika mwambao wetu maji hujaa na kupwa takribani mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Tuseme mtu mmoja wa Bagamoyo huenda pwani mara moja tu kila siku, saa 6 ya mchana, akapima kina cha maji kwenye nguzo, akaandika, akarudi nyumbani. Siku ya kwanza anakuta maji yamejaa. Kesho yake yamepungua kidogo. Baada ya wiki moja anayakuta yamekupwa, na baada ya wiki mbili hivi yamejaa tena. Akilitegemea daftari lake peke yake, atatangaza kwamba bahari hujaa mara moja kila wiki mbili. Kila kipimo alichoandika ni cha kweli, lakini picha aliyoipata ni ya uongo.

Ili asidanganyike, lazima apime zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa kujaa na kupwa. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotumika kwa sauti. Msingi wake uliwekwa na Harry Nyquist mwaka 1928, na Claude Shannon akaithibitisha kwa hisabati mwaka 1949, wote wakiwa wataalamu wa mawasiliano nchini Marekani. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1938, mhandisi Mwingereza Alec Reeves, aliyekuwa akifanya kazi Paris, alisajili hataza ya njia ya kupeleka mazungumzo ya simu kwa namba. Vifaa vya wakati wake havikutosha kuifanya njia hiyo iwe rahisi, na ilibidi kungoja hadi transista na saketi ndogo zipatikane.

Kwa kuwa sikio husikia hadi hezi 20,000, ni lazima tupime zaidi ya mara 40,000 kwa sekunde. Diski za sauti za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde. Mitetemo iliyo juu ya nusu ya kasi ya kupimia huchujwa kwanza. La sivyo ingeandikwa kama sauti nyingine kabisa, kama vile bahari ya Bagamoyo ilivyoandikwa katika daftari lile. Mtetemo wa hezi 30,000, kwa mfano, ungepita bila kuchujwa, ungejitokeza katika faili kama mlio wa hezi 14,100.

3. Kasi ya kupimia na urefu wa namba

Mbali na kasi ya kupimia, lipo jambo la pili, nalo ni usahihi wa kila kipimo. Kompyuta huandika namba kwa kutumia tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kila nafasi ya tarakimu huitwa biti. Tuufananishe usahihi huo na alama za rula. Namba ya biti 8 ni rula yenye alama 256. Namba ya biti 16 ina alama 65,536, na ya biti 24 ina alama 16,777,216. Kila biti inayoongezwa huongeza desibeli 6 hivi baina ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa zinazoweza kuandikwa. Rula yenye alama chache huacha mchakato wa kelele nyuma ya sauti, hasa pale msemaji anaponong'ona.

Hesabu ifuatayo itaonyesha ni nafasi kiasi gani inayohitajika. Vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 16, yaani baiti 2, ni baiti 88,200 kwa sekunde kwa njia moja ya sauti. Kwa dakika moja ni baiti 5,292,000. Kwa njia mbili, kama katika CD, ni baiti 10,584,000 kwa dakika, au baiti 635,040,000 kwa saa nzima.

Msomaji sasa ataelewa kwa nini kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 hazikuweza kuifanya kazi hii. Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 65,536. Kwa kipimo cha CD ingejaa kabla ya sekunde moja kutimia. Wakati huo mambo yalikuwa kinyume na leo: kaseti ndiyo iliyotumiwa kuhifadhi programu za kompyuta. Siku hizi hata kompyuta ya bei nafuu ina nafasi ya kutosha saa nyingi za mazungumzo.

Kwa mazungumzo ya wazee na nyimbo, tunashauri vipimo 48,000 kwa sekunde na biti 24. Hicho ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kwa kazi ya kuhifadhi. Maikrofoni ikiwa ni moja, njia moja ya sauti inatosha.

4. Kipimo kisifurike

Mpimaji wa mchele akitumia kibaba, mchele unaozidi ukingo humwagika. Kigeuzi nacho kina ukingo. Sauti ikizidi namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa, kila kilichozidi hukatwa, na kilele cha wimbi hubaki bapa kama mlima uliokatwa kichwa. Masikioni husikika kama mkwaruzo. Sehemu iliyokatwa haikuandikwa popote, kwa hiyo haiwezi kurudishwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Katika programu za kunasia sauti ukingo huo huonyeshwa kwa alama ya desibeli 0, na viwango vingine vyote huandikwa chini yake kwa alama ya kutoa. Kila sauti inapopunguzwa kwa nusu, kiwango hushuka kwa desibeli 6. Mwombe msemaji azungumze kwa dakika moja kama atakavyozungumza, kisha rekebisha kiwango mpaka vilele vya sauti yake vifike karibu na desibeli 12 chini ya ukingo, yaani robo ya kimo chote. Usiogope kwamba ni kidogo. Kwa biti 24 hakuna kinachopotea, na mzee akicheka ghafla au akipiga meza kwa msisitizo, nafasi ipo.

5. Chumba na umbali

Watu wengi hudhani kwamba siri ya sauti nzuri ni maikrofoni ya bei kubwa. Kwa kweli chumba na umbali hufanya kazi kubwa zaidi, na havigharimu kitu.

Maikrofoni hupokea sauti mbili kwa pamoja: ile itokayo kinywani moja kwa moja, na ile iliyogonga kuta, sakafu na dari kisha ikarudi. Ikiwa umbali wa kinywa na maikrofoni ni sentimita 20, yaani karibu shibiri moja, sauti ya moja kwa moja huwa na nguvu kuliko mwangwi. Ukiisogeza maikrofoni hadi mita 2, sauti hiyo hupungua hadi kuwa sehemu ya kumi, lakini mwangwi wa chumba haupungui kwa kiasi hicho. Matokeo yake ni sauti inayosikika kana kwamba msemaji yumo ndani ya tangi la maji.

Kwa hiyo, weka maikrofoni umbali wa shibiri moja kutoka kinywani, kando kidogo na si mbele kabisa. Pumzi ya herufi "p" na "b" ikikipiga kiwambo hutoa mshindo. Wala si vyema kuiondoa pumzi hiyo kabisa. Katika Kimvita, "paa" aliye mnyama hutamkwa kwa pumzi, na "paa" la nyumba bila pumzi, ingawa maandishi yetu ya kawaida hayaonyeshi tofauti hiyo. Rekodi njema ndiyo shahidi wake.

Chagua chumba kidogo chenye vitu laini. Kuta za saruji zilizo tupu hurudisha sauti. Magodoro, mablanketi, mikeka, mapazia na nguo zilizotundikwa huimeza. Zima feni na redio, na epuka chumba chenye paa la bati wakati wa mvua. Kabla ya kuanza, nyamaza kwa dakika moja usikilize. Sikio lililozoea chumba huacha kusikia jokofu na mashine ya kusaga ya jirani, lakini maikrofoni haizoei.

6. Hatua za kunasa

Matundu ya kompyuta hayafanani kazi. Kwenye kompyuta nyingi za mezani tundu la waridi ni la maikrofoni, la buluu ni la kupokea sauti kutoka mashine nyingine, na la kijani ni la spika. Kompyuta mpakato aghalabu ina tundu moja tu, au haina la kupokelea sauti. Dawa yake ni kisanduku cha kunasia sauti, au maikrofoni yenye kigeuzi chake ndani, vinavyounganishwa kwa tundu la USB. Mara nyingi hivyo hutoa sauti safi zaidi, kwa sababu volteji dhaifu hupimwa mbali na kelele za umeme za ndani ya kompyuta.

Programu zipo nyingi. Audacity, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, hupatikana bila malipo na inatosha kwa kazi zote tulizozitaja.

Fuata hatua hizi:

(a) Pata ridhaa ya msemaji. Mweleze rekodi itatumika wapi na nani ataisikia. Yapo mambo ambayo mzee huyasema kwa wajukuu wake tu.

(b) Chagua chombo sahihi cha kunasia ndani ya programu. Kosa la kawaida ni kuunganisha maikrofoni nzuri, kisha kompyuta ikanasa kwa ile ndogo iliyomo ndani yake.

(c) Zima huduma zote za kusafisha sauti na kurekebisha kiwango kwa wenyewe. Zimetengenezwa kwa ajili ya mikutano, na huweza kufuta mlio wa ngoma, zeze au makofi kwa kuvidhania kuwa ni kelele.

(d) Kama kompyuta ni mpakato, ichomoe katika umeme wa ukutani, itumie betri. Umeme wetu hubadili mwelekeo kwa kipimo cha hezi 50, na waya mbovu huleta mvumo wa hezi 50 na 100 katika rekodi. Betri pia itakukinga umeme ukikatika.

(e) Vaa hedifoni, yaani spika ndogo za masikioni, usikilize unachonasa. Spika za kawaida zizimwe, kwani sauti yake itarudi katika maikrofoni.

(f) Anza kunasa, kisha taja tarehe, mahali, jina la msemaji na lugha au lahaja yake. Maneno hayo hayatapotea hata faili likibadilishwa jina.

(g) Nasa nusu dakika kwanza, simamisha, sikiliza, kisha endelea na kazi yenyewe.

7. Kaseti za zamani

Kaseti ilianzishwa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Utepe wake ni plastiki iliyopakwa chembechembe za sumaku kwa gundi. Gundi hiyo hudhoofishwa na unyevu, na hali ya hewa ya pwani huleta ukungu. Mashine za kuzichezea nazo zinazidi kuwa adimu. Kwa hiyo kila kaseti yenye thamani ihamishwe mapema.

Kwanza vunja vile vibamba viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili isiweze kufutwa kwa bahati mbaya. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba iliyotiwa spiriti safi, uache kikauke. Kaseti iliyolala miaka mingi izungushwe mbele hadi mwisho na kurudishwa nyuma kabla ya kuchezwa, ili utepe ulegee. Yenye ukungu isichezwe mpaka isafishwe, kwa kuwa itaiharibu mashine na kaseti zitakazofuata.

Unganisha tundu la kutolea sauti la mashine na tundu la buluu, si la maikrofoni, kwani volteji yake ni kubwa zaidi kwa mara nyingi na itafurika. Cheza mara moja kwa kasi yake ya kawaida, nawe uwe unasikiliza. Kaseti ya dakika 60 itachukua dakika 60. Usijaribu kuondoa mvumo wa utepe wakati wa kunasa. Hifadhi nakala ya asili kama ilivyo, na usafi wowote ufanywe katika nakala nyingine. Programu za kesho huenda zikawa bora, lakini zitahitaji ile ya asili.

8. Kuhifadhi

Hifadhi rekodi kwa muundo wa WAV, ulioanzishwa mwaka 1991, ambao huweka kila namba kama ilivyopimwa, au FLAC, uliotolewa mwaka 2001, ambao hupunguza nafasi bila kupoteza namba yoyote. MP3 hufaa kwa kusambaza, si kwa kuhifadhi. Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, hutumia sehemu moja tu kati ya 11 za nafasi ya CD, na nyingine huzitupa kwa kukisia kwamba sikio halitazihitaji.

Kumbuka kwamba kaseti huchakaa polepole, lakini diski ya kompyuta huweza kufa yote kwa siku moja. Weka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe katika nyumba nyingine. Kila mwaka zifungue uzisikilize. Nakala isiyosikilizwa kwa miaka mingi ni matumaini tu.

Maswali na majaribio

1. Ni baiti ngapi zitakazohitajika kunasa nusu saa ya ngano, kwa vipimo 48,000 kwa sekunde, biti 24 na njia moja ya sauti? (Jibu: baiti 259,200,000.)

2. Piga kofi moja katika chumba kitupu, kisha katika chumba chenye magodoro na nguo, huku ukinasa. Linganisha michoro miwili ya mawimbi. Ni upi unaokoma upesi, na kwa nini?

3. Soma maneno "futa, suta, fumbua, sumbua" kwa mpangilio usiotabirika, kwanza kwa umbali wa shibiri moja, kisha kwa mita 2. Ihifadhi rekodi ya kwanza mara nyingine kwa vipimo 8,000 kwa sekunde, kama vya simu. Mchezeshee mwenzako rekodi zote tatu bila kumwonyesha orodha, umwombe aandike anachosikia. Makosa atakayoyafanya ndiyo kipimo cha kile ambacho kingepotea katika maneno ya mzee.